Dismas Katika Foleni ya Wasio na Kazi

Kanisani kwetu Kiganjo, hapa Thika, tuna Jumapili moja kila mwaka ambayo hakuna anayevaa suti. Unakuja na nguo zako za kazi na chombo chako cha kazi mkononi, ili Pasta Njau akiombee pamoja nawe. Fundi wa mawe huja na mwiko, nesi na mashine ya kupima presha, mtu wa bodaboda na helmeti, mama mboga na kisu cha kukatia sukuma wiki. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo hubeba mkasi na kujitundika futi shingoni, na nisiwe mnafiki: siku hiyo huwa najiona. Kuna mwaka kinyozi mmoja alileta mashine yake ikiwa bado na nywele za mtu. Akina mama waliguna, lakini ikaombewa vivyo hivyo.

Sasa katika kanisa la watu wa namna hiyo, mweke mtu anayeitwa Dismas Owino.

Dismas ni mtu wa Siaya, amepita hamsini, mrefu, mkimya, na ana tabia ya kukutazama kwa makini kabla hajakujibu, kana kwamba una doa mahali. Anaishi kwenye chumba kimoja upande wa chini wa Kiganjo. Mkewe Aketch alifariki huko nyumbani miaka kadhaa iliyopita. Binti yao Bridget ameolewa Kisumu, na simu yake huja sikukuu hadi sikukuu. Kanisani Dismas alikuwa mtu wa benchi la nyuma karibu na mlango, na amina ya mwisho ikitamkwa, yeye tayari yuko nje. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua anafanya kazi gani, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Tunapenda kusema sisi ni familia moja katika Kristo. Mimi nasema familia inayomjua mtu wake kwa kisogo tu ina kasoro.

Kazi alikuwa nayo, tena ya kudumu. Yuko katika kiwanda kimoja cha soda huko Eneo la Viwanda, mahali ambapo wafanyakazi wenyewe wanapaita kwa taa. Chupa tupu zikirudi kutoka madukani huoshwa, kisha hupita kwenye mkanda mbele ya taa kubwa nyeupe, na mbele ya taa hiyo ameketi mtu. Mtu huyo ni Dismas. Anaangalia. Chupa iliyomeguka mdomo anaitoa. Yenye mrija uliogandia ndani, kipande cha sigara au mende aliyekataa kutoka na sabuni, anaitoa. Masikioni ana vizibo kwa sababu ya kelele, kwa hiyo haongei na mtu, na akigeuza kichwa kumsalimu anayepita, chupa kadhaa zimeshamponyoka. Kila baada ya muda hubadilishana na mwenzake ili macho yasichoke, na mwenzake naye ana vizibo vyake. Koti jeupe na kofia haviruhusiwi kutoka kiwandani, hufuliwa huko huko. Jioni anatoka getini na nguo zake za nyumbani, mikono mitupu.

Na alikuwa ameanza kuidharau kazi hiyo. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba kila akipiga magoti alikuwa akimwuliza Mungu swali moja tu: hii nayo ni kazi ya kumpa mtu, kukaa na kuangalia? Wengine wanajenga, wengine wanatibu, wengine wanalisha. Yeye maisha yake yanapita mbele ya taa, na hakuna hata chupa moja inayojua jina lake.

Ikafika Jumapili ile. Alifikiria aende na chupa tupu ya soda, akaona watu watadhani anaipeleka dukani kurudisha. Akaja bila kitu, amevaa shati safi. Pasta Njau alihubiri kwamba kazi si laana: Adamu alikabidhiwa bustani aitunze kabla hajaonja tunda lolote la makosa, kwa hiyo kazi ilikuwepo mtu akiwa bado rafiki wa Mungu. Tulipiga makofi. Kisha tukaitwa mbele na vyombo vyetu, na Dismas, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akatoka kwenye lile benchi la nyuma.

Aliyekuwa akipanga foleni ni Wangeci, shemasi wetu. Wangeci ana moyo mzuri na haraka nyingi, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja lazima mtu aumie. Alimtazama Dismas mikononi.

"Baba, wewe huna kitu ya kuombewa?"

"Sina kitu ya kubeba, lakini mimi..."

"Woiye! Usione haya, baba. Laini ya kuombewa kazi ni hii ya huku. Songa tu, Mungu ni mwaminifu."

Akamshika kiwiko, akamwingiza katika foleni ya wasio na kazi, nyuma ya Mutie. Mutie ni kijana wa Machakos mwenye watoto watatu, aliyekuwa amefutwa kazi katika karakana ya nguo, na mkewe na watoto alikuwa amewarudisha kwa nyanya yao kwa sababu hapa Thika chakula kilikuwa kimemshinda.

Dismas alikuwa na nia ya kusema. Alijiambia kwamba Pasta akimfikia atamnong'oneza: mimi kazi niko nayo, ila haina chombo. Lakini Pasta Njau haulizi maswali akiwa kwenye upako. Aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha Dismas, mikono mizito yenye joto, akaanza kumlilia Mungu amfungulie ndugu huyu mlango. Na tangu Aketch afariki hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Dismas kichwa. Alisahau alichotaka kusema. Aliniambia kwamba alitaka kitu kimoja tu wakati ule, mikono ile isitoke. Kwa hiyo maombi yalipoisha alisema amina, tena kwa sauti, na uwongo ukawa umezaliwa.

Hapo ndipo tulipomvamia kwa upendo. Nje ya kanisa alizungukwa. Mzee Ndegwa, ambaye ana watu anaowajua kuanzia hapa hadi Nairobi, alichukua namba yake ya simu. Wangeci alimkumbatia. Akina mama wakachanga unga na mafuta ya kupikia. Na ushirika wetu wa Jumatano, ambao hukutana nyumbani kwa Ndegwa kwenye viti vya sofa, ukahamishiwa chumbani kwa Dismas, ili ndugu asijione ameachwa.

Jumatano ya kwanza tuliketi juu ya kitanda, juu ya mitungi, na wengine wakasimama mlangoni. Jumatano ya pili tulikuta viti vidogo vya plastiki. Ya tatu, vikombe vipya na sahani zake. Tukimpitia siku nyingine asubuhi na kukuta kufuli mlangoni, tulitingisha vichwa: maskini, ametoka mapema kuhangaika. Unga wetu alikuwa akimpa jirani yake mwenye watoto wengi, na chai ya kutukaribisha alikuwa akiinunua mwenyewe. Alijifunza majina yetu. Alicheka, jambo ambalo hatukujua analiweza. Siku moja tuliimba mpaka mwenye ploti akaja kutazama kuna nini, naye akaketi.

Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inamkera. Akikaa kwa taa siku ya Jumanne alikuwa anajua kwamba kesho atakuwa na watu, na alijua pia ni kwa nini watakuja. Mara nyingi alijiapiza kusema. Lakini wakishaingia na kuvua viatu mlangoni, viatu vingi vya watu wengi, alikuwa akiviangalia na maneno yanamwishia.

Mmoja tu ndiye aliyeingiwa na shaka. Ni Warigia, mjane mzee anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe karibu na stendi. Aliniambia tukiwa njiani, "Mtu hana kazi na ananunua vikombe?" Nikamwambia labda ameazima. Warigia akavuta shuka yake mabegani.

Kisha Mzee Ndegwa akaleta baraka. Ilikuwa Jumatano, chumba kimejaa, akasimama kabla ya maombi.

"Bradha Dismas, Mungu amejibu! Kuna flati mpya huko Kiuu, Ruiru. Mwenyewe tulisoma na yeye. Anataka mtu ya geti, mtu mzima, mtu ameokoka. Nimempea jina yako. Unaanza wiki ijayo."

Tulipiga vigelegele. Wangeci alilia. Mutie alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, naye alipiga makofi na kusema Bwana asifiwe, lakini uso wake ulikuwa umeinama. Yeye alikuwa amemwomba Ndegwa kazi ya aina yoyote, hata ya geti, kwa wiki nyingi. Ndegwa alikuwa ameona mtu mzima ndiye atakayependeza zaidi machoni pa mwenye flati.

Dismas alimwona Mutie akiinama. Kuona ndiyo kazi yake, hawezi kujizuia.  Alizungusha mambo kichwani kila namna. Angeweza kusingizia ugonjwa. Angeweza kusema Kiuu ni mbali. Lakini Ndegwa angemtafutia nyingine, na nyingine, na kila moja ingekuwa imepita juu ya kichwa cha Mutie. Akisema ukweli, Jumatano zake zimekwisha. Akinyamaza, watoto wa Mutie wataendelea kukaa kwa nyanya yao, na baba yao ataendelea kumpigia makofi mtu anayemzibia njia. Alimwomba Mungu ampe jibu la tatu. Hakupewa.

Jumapili, Ndegwa akamwita mbele atoe ushuhuda. Mimi nilikuwa benchi la kwanza, kwa hiyo nililosikia nilisikia vizuri.

"Bwana asifiwe," Dismas alisema.

"Amina!"

"Mimi niko na kazi."

Kanisa lililipuka. Mpiga kinanda akaunga mkono kwa mlio mmoja wa shangwe. Dismas alisimama pale akangoja makofi yaishe, na yalichukua muda.

"Hapana, si hivyo. Nilikuwa nayo. Hata siku ile mliniombea nilikuwa nayo. Nimekuwa nayo miaka mingi. Hiyo ya geti mpeeni Mutie."

 Ndegwa ndiye aliyepata sauti kwanza, na haikuwa ya ushuhuda.

"Kazi gani hiyo, bradha?"

"Kuangalia chupa. Kiwanda ya soda."

"Kuangalia chupa?"

"Ndiyo."

"Zikifanya nini?" akauliza kijana mmoja wa kwaya, na kicheko kikaanza huko kwenye kwaya kikashuka hadi nyuma. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na aibu, na aibu ya watu wengi mara nyingi hutokea mdomoni. Lakini kicheko ni kicheko, na mtu alikuwa amesimama mbele yake peke yake.

"Na ile unga ya akina mama?" Wangeci aliuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

"Nilikuwa nampea jirani. Ako na watoto." Kisha akasema jambo jingine, lakini mpiga kinanda alikuwa amechoka na aibu ile na kuanzisha pambio, kwa hiyo sidhani lilifika mbali. Alisema, "Mlikuwa mnakuja kwangu." Hilo tu. Akashuka, akapita katikati ya benchi zetu hadi mlangoni, na hakungoja amina.

Jibu la kuwapa lilimjia njiani, mbele ya vibanda, kama ilivyo desturi ya majibu mazuri. Alikumbuka kwamba Mungu mwenyewe, kila alipomaliza kuumba kitu, alikitazama akaona kuwa ni chema. Ina maana alikaa akaangalia. Kabla ya kusema ni chema, lazima aliangalia vizuri, nuru, bahari, miti na samaki, kimoja kimoja. Dismas alisimama katikati ya barabara mpaka bodaboda ikampigia honi na dereva kumtukana. Kumbe anafanya kazi ambayo Mungu aliifanya kwa macho yake mwenyewe! Angesema hivyo pale mbele, nani angecheka? Alitazama kushoto na kulia, watu wanapita na mifuko yao ya sukuma, na hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia.

Jumatano alichemsha chai kwenye sufuria kubwa. Alipanga viti. Hakuja mtu. Ushirika ulikuwa umerudi kwa Ndegwa, kwenye sofa. Wengine walisema wamedanganywa, wengine walikuwa na haya kwa sababu walicheka, na ukichanganya hayo mawili, miguu ya watu haiendi mahali. Chai aliinywa yeye siku mbili, ya pili ikiwa imechacha. Mutie alikwenda Kiuu na kuchukuliwa siku hiyo hiyo. Alimtumia Dismas ujumbe wa asante kwa simu, lakini kufika kwake alikuwa bado hajafika, maana geti halina Jumapili. Na Jumapili iliyofuata benchi la nyuma karibu na mlango lilikuwa na nafasi, na mimi niligeuka kuliangalia mara nyingi kuliko nilivyosikiliza mahubiri.

Mchana wa Jumapili hiyo, Dismas amelala juu ya kitanda na viatu vyake, akasikia hodi. Ni Warigia, peke yake. Haya niliyapata kwa Warigia mwenyewe, na hana tabia ya kuongeza chumvi popote isipokuwa kwenye githeri.

"Leo sijakuletea kitu, Baba Bridget," alisema akiketi.

"Sawa, mama. Karibu tu."

"Hizi vikombe nilijua."

"Ulijua?"

"Mtu hana kazi hanunui vikombe na sahani zake."

Dismas akawasha stovu. Warigia alimngoja mpaka chai ikaiva, mpaka akamimina, mpaka akakaa. Kisha akauliza, "Sasa niambie. Huko kwa chupa, unaonanga nini?"

Dismas alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mzaha, kwa sababu alikuwa amesikia mizaha ya kutosha. Hakuuona. Mama mzee alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anangoja.

Alianza polepole. Alimweleza jinsi mdomo uliomeguka unavyojificha chupa ikigeuka, na jinsi unavyoukamata kwa kumetameta kwake tu, kidogo kuliko ukucha. Alimweleza habari ya mende, ya mirija, ya watu wanaotia udongo na misumari kwenye chupa halafu wanairudisha dukani bila aibu. Akaeleza kwamba akifumba macho nyumbani bado zinapita. Warigia alisema "ee" na "haiya" mahali panapotakiwa. Alimweleza na lile jibu lililomjia njiani, la Mungu kuangalia, na Warigia akasema, "Kweli. Aliangalia." Chai ilipoa. Dismas alikuwa hajazungumza maneno mengi kiasi hicho tangu afiwe, na sasa yalikuwa yanamtoka kwa kusukumana.

"Shida yake ni moja, mama," alisema mwishowe. "Ikienda vizuri, hakuna kitu inatokea. Mtoto mahali huko Gatanga anafungua soda yake ya Krismasi, anakunywa, anapanguza mdomo. Basi. Hakuumia. Hiyo ndiyo kazi yangu, kitu haikutokea. Sasa utaiona wapi? Utamwonyesha nani?"

Warigia alizungusha kikombe.

"Mimi kabla nipike githeri nachagua mawe," alisema. "Kwa maharagwe, kwa mahindi, kila siku, miaka yote tangu bwanangu aende. Na macho yangu siku hizi ni haya unaona. Watu wananiambia asante kwa viazi. Wananiambia asante kwa kuongeza supu. Hakuna mtu ameniambia asante kwa jiwe hajauma."

 Dismas alikuwa analia, na hakujificha, na Warigia hakumwambia anyamaze. Alimaliza chai yake yote, ikiwa baridi vile vile, akaweka kikombe juu ya sahani yake, akajifunga shuka.

"Kesho unaingia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Basi mimi naenda," alisema. "Ulale mapema. Macho yapumzike."